Jua la mwezi wa kumi: si kila jani la manjano liko na ugonjwa

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaolima nyuma ya nyumba, leo tuongee juu ya mboga. Mutu anaweza kuuliza: sendika inatafuta nini mu bustani? Jibu ni fupi. Mshahara ukichelewa, ni lengalenga, tomati na sombe ya mu parseli ndiyo inasindikiza bukari ku meza. Na kila mwaka, kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na moja, mboga zile zinatukaukia. Tunakimbia soko, tunatoa franka kununua dawa ya wadudu, tunamwagia, na mboga inaendelea kufa. Mara nyingi hakuna mdudu hata mmoja. Ni jua.

Tuanze na jua lenyewe. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko juu, mita 1.200 hivi kutoka usawa wa bahari, ao zaidi. Karibu na tarehe 20 mpaka 24 ya mwezi wa kumi, saa sita mchana, jua linasimama wima juu ya vichwa vyetu: mutu anatafuta kivuli chake, anakiona chini ya miguu. Mwezi wa pili linasimama tena vile, lakini wakati ule mawingu ya mvua yanatukinga. Mwezi wa kumi anga iko wazi, na udongo umekaa bila mvua ya maana tangu mwezi wa tano.

Watu wanasema: "Jua ni chakula cha mmea, litadhuru namna gani?" Ni kweli, jua ni chakula. Jani linapokea mwanga, mizizi inalipelekea maji, linavuta hewa kupitia matundu madogo sana ambayo macho hayaoni, na vyote vile linavigeuza kuwa sukari. Sukari ile ndiyo inajenga jani jipya, tunda na mzizi. Lakini kazi ya jani iko na kipimo. Kwa tomati, maharagi na shu, jani moja lililo wazi linafika mwisho wa nguvu yake wakati mwanga ungali karibu nusu ya ule wa mchana mkali. Mwanga unaozidi pale hauongezi kazi. Sisi wa mine tunajua: ukimwaga mawe juu ya mkanda uliokwisha kujaa, mawe hayafiki mbele haraka zaidi, ni mkanda ndio unakatika.

Jani linajitetea kwanza. Mwanga uliozidi linautoa kama joto, na linajipoza kwa kutoa maji kupitia yale matundu, kama vile sisi tunatoka jasho. Maji ya udongo yakiisha, jani linafunga matundu lisikauke. Hapo linapata hasara mara mbili: halijipozi tena, na hewa ya kutengeneza sukari haiingii. Jua linawaka juu yake, nalo liko na njaa. Hali ile ikiendelea siku nyingi, rangi ya kijani inaharibika, jani linapauka, linakuwa la manjano ao jeupe, mwisho linakauka kama karatasi.

Mimea haiko sawa. Mahindi na lengalenga wanaweza kutumia jua lote la mchana, mradi maji yapatikane. Maharagi wanageuza majani yao ubavu ili jua lisiwapige usoni. Muhogo unalaza majani saa sita, unayainua jioni. Kwa hiyo musikimbie na ndoo kila mukiona jani limelala saa saba. Ngojeni jioni. Likiinuka, lilikuwa linajikinga. Likibaki limelala mpaka asubuhi, hapo liko na kiu, ao mizizi iko mugonjwa.

Sasa, namna gani kujua kama ni jua ao ugonjwa? Angalieni upande. Jua linachoma ule upande unaolitazama tu. Tomati ao pilipili iliyochomwa iko na doa jeupe ao la manjano ubavu mmoja, ngozi inakuwa laini, baadaye inakauka na kuingia ndani. Uozo unakuja nyuma, kupitia kidonda kile. Upande wa kivulini unabaki muzima. Kama majani ya ndani yaliyojificha nayo yako na madoa, ao mukigeuza jani munakuta wadudu chini yake, hapo tafuteni dawa. Kama ni majani ya juu na matunda ya nje peke yake, wekeni franka mfukoni.

Kosa moja tunaliona sana mu kambi: kutoa majani ya tomati mengi "ili tunda lipate jua". Tunda la tomati halihitaji jua kali ili kuiva. Jani ndilo linalilisha, na jani lile lile ndilo paa lake. Toeni majani ya chini yanayogusa udongo, ya juu muyaache.

Dawa ya jua haina bei kubwa. Ya kwanza ni kufunika udongo. Udongo ulio wazi mchana unapata moto kupita hewa, na mizizi ya juu inapikwa. Tandazeni nyasi kavu, unene wa vidole vinne hivi, lakini musizibanishe na shina. Zile nyasi tunazochoma kila kiangazi, ndizo zile zile bustani inazililia.

Ya pili ni kivuli chepesi. Simikeni miti minne, juu yake laza nyasi ao majani ya mnazi wa mafuta, mwanga upite kidogo kidogo. Wekeni kivuli juu na upande wa magharibi, maana jua la saa nane mpaka saa kumi ndilo linachoma zaidi. Miche inayotoka kitaluni ihamishwe jioni, nayo izoezwe jua polepole, siku saba mpaka kumi. Mvua ikishika mwezi wa kumi na moja, ondoeni kivuli, kwani mmea uliokosa mwanga unarefuka bila nguvu.

Ya tatu ni saa ya maji. Mwagilieni asubuhi mapema, maji yafike ku mizizi. Mchana sehemu kubwa inapotea hewani, na wamama wanaobeba bidoni kutoka ku robine ya mbali wanajua uzito wa kila litri.

Hapa tunaomba mutusikilize vizuri. Musitumie magunia yaliyoleta dawa za kiwanda ya kusafishia mawe, wala plastiki zake, kutengeneza kivuli cha mboga. Mvua ya kwanza itayaosha, na maji yale yataanguka juu ya lengalenga ambayo watoto watakula. Hata gunia ikionekana safi, hapana. Na chokaa ya kupaka shina la muembe mchanga ao la mti wa avoka, ili jua lisipasue ganda lake, inunuliwe soko. Ile ya kazi iache kazini: tumekwisha kutetea watu wengi juu ya mambo madogo kuliko yale.

Linabaki jambo moja ambalo mtu peke yake haliwezi. Miti ya kandokando ya miji yetu inaenda ku makala, na mu kambi muembe unakatwa kila mara nyumba inaongezwa chumba. Tunajua makala inapika bukari, hatumlaumu mutu. Lakini parseli bila mti hata mmoja, mwezi wa kumi inakuwa sahani ya moto. Kwa hiyo tunapendekeza: kila nyumba iliyo na nafasi, mti mmoja wa matunda upande wa magharibi, upandwe mvua ikishika. Nasi wadelege tutaweka maji ya kambi na miti ya barabara ndani ya karatasi ya madai, pamoja na mshahara na matunzo ya hospitali. Chakula cha mfanyakazi kinaanzia ku udongo ule.