Pikipiki Nyepesi ya Njia za Porini na Injini ya Mapigo Mawili

Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza Marekani pikipiki iliyoitwa DT-1. Ilikuwa na silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 246, na injini yake ilikuwa ya mapigo mawili. Kabla yake, wengi waliopenda kupita vijia vya misituni na milimani walitumia pikipiki za barabarani zilizobadilishwa, aghalabu nzito kupita kiasi. Tangu wakati huo swali limebaki lile lile: anayetaka pikipiki ya kupita kwenye mawe, mizizi na matope aangalie nini? Matangazo ya biashara humwambia aangalie nguvu za farasi. Hilo ndilo jambo la mwisho la kuangalia.

Msomaji atakumbuka kwamba katika injini ya mapigo manne krenki huzunguka mara mbili ili kupatikana mchomo mmoja. Katika injini ya mapigo mawili kila mzunguko una mchomo wake. Pistoni inapopanda hugandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa ulio juu yake, na wakati huo huo huvuta mchanganyiko mwingine katika kasha la krenki lililo chini. Inaposhuka hufunua kwanza tundu la kutolea moshi, kisha matundu ya kuingizia, na mchanganyiko mpya husukumwa kutoka kwenye kasha hadi silindani. Hakuna vali za kufunguliwa juu ya silinda wala mnyororo wa kuziendesha. Huo ndio msingi wa wepesi wake.

Mpango huo, hata hivyo, una kasoro. Kwa muda mfupi matundu yote huwa wazi pamoja, na sehemu ya petroli ambayo haijaungua hukimbilia nje pamoja na moshi. Dawa yake ni bomba la moshi lililotanuka katikati na kusinyaa mwishoni. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, katika Ujerumani ya Mashariki, aliiendeleza sana elimu ya bomba hilo kwa ajili ya pikipiki za mashindano. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, hugonga sehemu inayosinyaa, kisha hurudi. Likirudi mara tu kabla tundu halijazibwa, huirudisha silindani ile petroli iliyokuwa ikitoroka.

Mwanafunzi anaweza kulipima jambo hili kwa hesabu ndogo. Ichukuliwe kwamba wimbi huenda mita 500 kwa sekunde katika gesi ya moto, na sehemu inayolirudisha iko umbali wa mita 1. Safari ya kwenda na kurudi ni mita 2, yaani sekunde 0.004. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.01. Tundu linalokaa wazi kwa nusu ya mzunguko huwa wazi kwa sekunde 0.005, hivyo wimbi hufika karibu na wakati wake. Lakini injini ikizunguka mara 3,000, tundu hukaa wazi sekunde 0.01. Wimbi hufika mapema mno, na petroli hutoroka baada yake.

Ndiyo maana pikipiki ya mashindano huwa goigoi katika mizunguko midogo, kisha hufyatuka ghafla. Katika uwanja mpana hilo ni sifa. Juu ya jiwe lenye utelezi, gurudumu la nyuma husota na mpandaji huanguka. Anayechagua pikipiki ya vijia atafute ile inayovuta sawasawa tangu mizunguko midogo, hata kama nguvu yake ya juu kabisa ni ndogo. Injini nyingi za siku hizi zina mlango mdogo unaobadilisha kimo cha tundu la moshi kwa kufuata kasi ya injini, nao husaidia sana.

Uzito nao una hesabu yake. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, pikipiki ya kilo 100 huvutwa chini kwa kani ya nyutoni 490 hivi. Ya kilo 130, karibu nyutoni 640. Tofauti hiyo hubebwa na mikono ya mtu aliyekwama peke yake porini.

Oili ndipo penye hatari. Kwa kuwa kasha la krenki hupitisha petroli, oili haiwezi kukaa humo. Huchanganywa na petroli, au huletwa na pampu yake. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili. Katika pikipiki ya kuchanganyiwa, mpandaji anayeshuka mlima mrefu huku amefunga petroli huifanya injini izunguke kwa kasi bila oili ya kutosha, na pistoni yaweza kukwama. Hapana budi kufungua petroli kidogo kila baada ya muda. Isitoshe, injini hii haizuii mwendo kama ya mapigo manne. Breki ziwe nzima.

Kimo pia hakina budi kufikiriwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa hupungua uzito kwa takriban moja ya tano. Kabureta isiporekebishwa, petroli huzidi na plagi hujaa masizi.

Kwa anayenunua iliyotumika, kuna dalili moja ya kuchunguza kwa makini. Moshi mzito usiokoma, pamoja na oili ya giya inayopungua bila kuvuja nje, huonyesha kwamba sili ya krenki upande wa klachi imechoka. Sili ya upande wa pili ikichoka haitoi moshi: huingiza hewa, mchanganyiko hupungukiwa na petroli, na injini hupata joto hadi pistoni ikwame.