Swingi kwanza, doo baadaye

Ukipitia Golf Park pale Ngong Racecourse jioni, utampata msee mmoja akichapa mipira hadi giza liingie. Ni mchezaji gofu wa ridhaa, aliyeanza kama kedi. Mipira yake ilizoea kupinda kulia, kwa hivyo anafunza mikono kuleta fimbo kutoka ndani. Mwili bado unakumbuka njia ya zamani, na handikapu imetoka 4 hadi 7. Mabeshte wanamcheka: "Si uliharibu kitu ilikuwa poa!"

Jibu lake ni Tiger Woods. Mwaka 1997 alishinda Masters kwa mapigo 12, kisha akaibomoa swingi yake. 1998 alipata taji moja tu la PGA Tour. Mwaka 2000 akanyakua meja tatu mfululizo.

Sasa wanabishana kama aingie gofu ya kulipwa. Kwenye Kenya Open, wa ridhaa hapati pesa hata aking'ara. Lakini pro akitemwa baada ya raundi mbili, anarudi mikono mitupu, na kedi lazima alipwe.

Msee ameamua kungoja swingi ishike. Wewe ungesubiri?