Je, Wajua? Daktari Aliyetumia Mbegu Zake
Filamu ya Our Father (2022) inaanika kisa cha Donald Cline, daktari wa uzazi wa Indianapolis, Marekani, aliyewapandikizia wagonjwa mbegu zake mwenyewe kwa siri. Mate kidogo ndani ya kichupa cha kupimia DNA yakafichua watoto wake, ndugu wa baba mmoja, mmoja baada ya mwingine, hadi wasiopungua 94! Wahakiki kadhaa walilaumu maigizo na muziki wa kutisha, na wana haki: ushuhuda wa watoto wale unajitosheleza. Cline hakufungwa jela. Jimbo lake la Indiana lilitunga sheria dhidi ya udanganyifu huo mwaka 2019. Barani Afrika nako sheria zinagusa uzazi: mjini Kigali, Bunge la Rwanda lilipitisha Agosti 2025 sheria ya afya inayogusa uzazi wa kusaidiwa. Msomaji, ukienda kliniki, uliza mbegu ni za nani, upewe jibu kwa maandishi.