Bilauri, mirija na chai ya rangi katika darasa la kemia

Wanafunzi wengi wa vyuo huweza kuandika mlinganyo wa kikemia bila ya kuelewa kinachoelezwa na alama zake. Vitu vya jikoni vinaweza kusaidia kuliziba pengo hilo, mradi mwalimu aijue mipaka ya mfano wake.

Mwaka 1991 Alex Johnstone, mtaalamu wa ufundishaji wa kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, alieleza kwa nini somo hili huwalemea wengi. Kemia hufikiriwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: yale yanayoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama zinazoandikwa ubaoni. Mwalimu mzoefu hupita kutoka ngazi moja hadi nyingine bila ya kutanabahi kwamba mwanafunzi amebaki nyuma.

Tuchukue, msikilizaji, suala la msawazo wa kikemia. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mmenyuko ukifikia msawazo huwa umesimama, na kwamba vitu vya pande zote mbili vimekuwa sawa kwa kiasi. Dhana zote mbili si sahihi. Anayezibeba hadi katika masomo ya utabibu au uhandisi hupata taabu, kwani namna damu inavyodhibiti asidi, na namna amonia ya mbolea inavyotengenezwa, ni mambo yanayotegemea msawazo huo.

Mwalimu na achukue bilauri mbili ndefu zilizo sawa, moja ikiwa na maji na nyingine tupu, pamoja na mirija miwili, mmoja mpana na mwingine mwembamba. Kila mrija una bilauri yake. Mwanafunzi huuzamisha hadi chini, huziba tundu la juu kwa kidole, kisha humwaga maji yaliyonaswa katika bilauri ya pili. Mwenzake hufanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili, wakati huohuo.

Baada ya kurudia mara nyingi, vimo vya maji huacha kubadilika, ingawa mikono ingali inafanya kazi: kinachotoka ni sawa na kinachoingia. Aidha, vimo hivyo havilingani. Bilauri inayochotwa kwa mrija mpana hubaki na maji machache zaidi. Dhana zote mbili potofu zimejibiwa kwa macho.

Hata hivyo, mfano huu una kasoro mbili ambazo sharti zitajwe. Maji hubaki kuwa maji, hayageuki kuwa kitu kingine. Pili, bilauri zimetengana, ilhali katika mmenyuko halisi vitu vya pande zote mbili huchanganyika katika chombo kimoja.

Kwa sababu hiyo hatua inayofuata ni kikombe cha chai ya rangi. Ndani yake mna molekuli ambazo ni asidi dhaifu. Zinapopoteza ioni za haidrojeni, rangi hukolea, zinapozirudisha, hupauka. Kamua limau, chai itapauka. Tia magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage, au baikaboneti ya soda kwa aliye mbali na magadi, nayo itakolea. Ongeza limau tena: mapovu ya kaboni dayoksaidi yatatoka na rangi itafifia. Chai hiyo, bila ya shaka, si ya kunywa tena.

Hapo mwanafunzi anashuhudia kanuni iliyotolewa mwaka 1884 na Mfaransa Henri Le Chatelier: msawazo ukivurugwa, huegemea upande unaopunguza athari ya mvurugo huo.

Kilichobaki ni mpangilio wa somo. Kwanza wanafunzi watazame, kisha wachore chembe wanazodhani zimo kikombeni, na mwisho waandike alama. Michoro hiyo humwonyesha mwalimu ni nani ameelewa na ni nani amekariri tu, jambo ambalo mlinganyo ulioandikwa sawasawa unaweza kulificha hadi siku ya mtihani.