Mtindo na Mitindo: Hofu ya Mchoraji wa Vitabu vya Watoto

Katika kazi ya kutengeneza kitabu cha watoto, mchoraji ndiye anayesumbuliwa na wakati kuliko wenziwe wote. Mwandishi anayesimulia upya hadithi ya Kalulu na Simba haulizwi na mtu kwa nini Kalulu angali mjanja. Ukale wa hadithi huhesabiwa kuwa sifa yake. Lakini mchoraji aliyejifunza kazi kwa kalamu na wino, akaizoea kwa miaka ishirini au thelathini, akipeleka leo karatasi zake kwa mchapishaji, huziona zimelala mezani kando ya picha zilizotengenezwa kwa kompyuta, zenye rangi bapa na nyuso za mviringo, na hofu humwingia kabla hajaambiwa neno. Hujiuliza kama mkono wake umezeeka. Kuna wanaoacha kazi kwa ajili hiyo. Wengine hujilazimisha kuiga picha za vijana, wakapoteza kile walichokijua bila kukipata kile wanachokitamani.

Hofu hii yafaa ichunguzwe kwanza katika maneno yanayoieleza, kwa sababu maneno ya Kiswahili yanayotaja ukale hayalingani. Kale ni neno lenye heshima: mji wa kale, mashairi ya kale. Zamani hutaja wakati tu, bila kusifu wala kulaumu. Kuukuu na chakavu husemwa juu ya kitu kilichotumika mpaka kikachoka, kama nguo au mkeka. Kizamani ni tofauti na yote hayo. Limeundwa kwa kiambishi ki- cha namna, kama kisasa, kitoto na kifalme; halielezi umri wa kitu bali jinsi kilivyofanywa. Ndiyo maana picha iliyochorwa jana yaweza kuitwa ya kizamani, na picha ya mwaka 1902 isiitwe hivyo. Sungura wa Beatrix Potter, aliyetolewa mwaka huo nchini Uingereza akiwa na koti lake la buluu, angali akiuzwa madukani, wala mzazi anayemnunua haoni kwamba amenunua kitu kilichopitwa na wakati.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno mtindo lenyewe. Kifaransa, lugha ambayo wachoraji wa Kongo husomea shuleni, hutenga maneno mawili: style, yaani namna ya mtu ya kufanya kazi yake, na mode, yaani kile kinachopendwa kwa msimu fulani. Kiswahili hulibebesha neno moja maana zote mbili. Namna ya mshairi ya kutunga ni mtindo, na viatu vinavyopendwa mwaka huu ni mtindo pia. Basi mchoraji akiambiwa kwamba mtindo wake umepita, husikia mashtaka mawili kwa pamoja: kwamba viatu alivyovichora havivaliwi tena, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na mkono wake, hatakiwi tena. Shtaka la kwanza mara nyingi ni la kweli, na dawa yake ni nyepesi. La pili ni nadra kuwa la kweli. Ili kuyatenganisha, ni vema picha itazamwe katika sehemu tatu: mkono, yaani mstari, rangi na mpangilio, vitu, yaani nguo, vyombo, nyumba na magari, na mtazamo, yaani jinsi watu wanavyoonyeshwa na ni nani kati yao aliyepewa heshima. Sehemu hizo hazizeeki kwa mwendo mmoja.

Kwa msomaji wa Kongo hakuna mfano ulio wazi kuliko Tintin au Congo ya Hergé. Hadithi hiyo ilitoka kwa mfululizo katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, tangu 1930 hadi 1931, kisha ikawa kitabu. Mwaka 1946 Hergé aliichora upya kwa rangi na kuifupisha hadi kurasa 62. Katika toleo la kwanza Tintin alisimama darasani kuwafundisha watoto Wakongo juu ya nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo likageuka kuwa hesabu. Tena mwaka 1975, kwa ombi la wachapishaji wa Skandinavia, ukurasa ambao Tintin humlipua kifaru kwa baruti ulichorwa upya ili mnyama anusurike. Masahihisho hayo yaligusa tukio hili na lile. Sura za Wakongo, midomo yao na usemi wao wa kuvunjikavunjika vilibaki. Kesi iliyofunguliwa Brussels mwaka 2007 dhidi ya kitabu hicho ilikataliwa na mahakama mwaka 2012, lakini ubishi haukukoma hapo.

Na mstari je? Mstari wa Hergé, wenye unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho na usiotegemea vivuli, ungaliweza kuzikwa pamoja na mtazamo huo. Haukuzikwa. Mwaka 1977 Mholanzi Joost Swarte aliupa jina la ligne claire, yaani mstari safi, na katika miaka iliyofuata wachoraji vijana wa Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa waliuchukua kwa hadithi zilizokuwa mpya kabisa. Kitabu kimoja, basi, kina mstari uliofufuka na mtazamo usiofufuka. Mchoraji anayetetemeka kwa sababu ya kalamu yake hana budi kukumbuka kwamba katika mfano huu kalamu haikuwa na kosa.

Sehemu ya pili, ile ya vitu, inaonekana vizuri katika vitabu vya Martine, ambavyo Marcel Marlier alivichora kwa maneno ya Gilbert Delahaye. Cha kwanza kilitoka Ubelgiji mwaka 1954, cha sitini mwaka 2010, na Marlier akafariki mwanzoni mwa 2011. Kwa zaidi ya nusu karne mkono ulikuwa ule ule: picha laini zinazokaribia fotografia, zenye mwanga wa asubuhi isiyokwisha. Wakosoaji waliziona tamu mno, na si bila sababu. Lakini nguo na nywele za msichana yule zilibadilika kadiri miaka ilivyobadilika, na kwa hiyo mtoto aliyepewa kitabu kipya hakuhisi kwamba anatazama albamu ya bibi yake. Hilo ndilo jambo ambalo wachoraji wengi hulisahau. Simu ya mezani yenye waya, redio ya antena ndefu, mwalimu mwenye suruali pana chini: vitu hivyo huipa picha tarehe upesi kuliko mstari wowote, na huondolewa kwa siku moja ya kazi.

Wapo hata waliouchagua ukale wa mkono kwa makusudi. Maurice Sendak, Mmarekani, alipotoa Where the Wild Things Are mwaka 1963, wengi kati ya wenzake walikuwa wakichora maumbo bapa ya rangi kali. Yeye alijaza kurasa zake michirizi myembamba inayokatana, kama ile ya wachongaji wa picha wa karne ya 19 aliowapenda. Mwaka 1964 alipewa nishani ya Caldecott, ambayo yenyewe ina jina la mchoraji Mwingereza wa karne hiyo ya 19. Leo kitabu hicho huitwa cha kisasa, na ni maumbo bapa ya miaka ya 1950 yanayoitwa ya kizamani. Au tuseme yalikuwa yakiitwa hivyo, maana nayo yamerudi. Tena yamerudi na hitilafu zake. Mtambo wa zamani uliweka kila rangi kwa pigo lake, na mara nyingi rangi nyekundu ilipita kidogo nje ya mstari mweusi. Mchapaji aliona haya kwa kosa hilo. Siku hizi wako vijana wanaolitengeneza kosa lile lile kwa kompyuta, kwa uangalifu mkubwa, ili picha ionekane kuwa na uhai.

Yafaa pia iulizwe ni nani anayesema "kizamani". Mtoto wa miaka minne hasemi hivyo, kwa sababu hana mtindo wa kwanza wa kulinganisha na wa pili. Yeye huuliza kama paka yule amekasirika, kwa nini mama anakimbia, na iko wapi ile ndizi iliyotajwa. Picha isiyomjibu huitupa, hata ikiwa imetoka mtamboni leo asubuhi. Wenye kumbukumbu ya mitindo ni watu wazima: mzazi, mwalimu, mchapishaji na mchoraji mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi ameanza kuingia katika kundi hilo, naye hucheka nguo kabla ya kucheka mstari.

Katika miji ya Kongo jambo hili lina upande wake mwingine, ambao ni mchungu zaidi. Mchoraji wa Lubumbashi anayetaka kuonekana wa kisasa huanza kwa kufuta. Huifuta mbabula, akaweka jiko la gesi lenye vichwa vinne. Hukifuta kikwembe cha mama, akamvika gauni asilolivaa mtu wa mtaa wake. Sahani ya bukari na sombe huwa sahani ya kitu cha rangi ya kahawia kisichotambulikana. Lakini mbabula si ya kizamani. Inawaka jioni hii katika ua wa mtoto anayesoma kitabu hicho. Hapo neno kizamani limetumika mahali pa neno jingine, neno nyumbani, na anayedhulumiwa ni msomaji. Tangu 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, umesambaza hadithi zenye leseni huria, ambamo picha moja hutumiwa tena kwa hadithi na lugha nyingi, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Faida yake ni kubwa mahali ambapo vitabu ni haba. Hata hivyo picha inayotakiwa kufaa kila mahali hulazimika kupunguza dalili za mahali popote, na mchoraji anayeigeuza kuwa kipimo cha usasa atajikuta anachora ua usio na mwenyewe.

Lubumbashi yenyewe ina historia ya mikono isiyoomba radhi. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya, bali wachore walichokiona na walichokikumbuka. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka juu ya mandhari iliyojaa nukta na majani. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa michirizi mifupi. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwalimu alifariki mwaka 1954. Zuio lake lilikuwa na ubaba wa kikoloni ndani yake, na haifai kulisifu bila kulipima. Lakini mtu akiitazama leo mikono hiyo mitatu, huitambua kutoka upande wa pili wa chumba, na neno kizamani halimjii.

Hao hawakuwa wachoraji wa vitabu vya watoto. Jinsi mkono wa namna hiyo uwezavyo kuwafikia watoto ilionekana katika Afrika ya Mashariki. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora wanyama kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao vya mraba. Wanafunzi wake waliendelea, wakauza kwa watalii, hata wapo waliosema kwamba mtindo huo umechakaa kwa kurudiwarudiwa. Mwaka 2010 katuni ya televisheni iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, ilianza kuonyeshwa kwa watoto wa Uingereza. Macho yale makubwa na yale madoa yaliyopangwa yakawa mapya kabisa mbele ya watoto ambao hawakuwahi kuuona ubao mmoja wa Dar es Salaam.

Lipo shtaka moja, hata hivyo, ambalo mchoraji mzoefu hana budi kulipokea. Kuna mkono, na kuna mazoea. Mtu aliyechora nyuso za watoto elfu moja hufika mahali asipotazama tena. Kila mvulana hupata pua ile ile, kila mti shina lile lile, kila mzee fimbo na ndevu. Wahariri huliona hilo, na kwa kukosa neno husema "kizamani". Mchapishaji anayerudisha picha kwa neno hilo peke yake hajasema bado anachokitaka, na mchoraji ana haki ya kumuuliza aweke kidole juu ya karatasi: ni gauni la mwalimu, ni jinsi mtumishi alivyosimama nyuma ya bwana wake, au ni uso? Gauni hubadilishwa alasiri moja. Mtumishi huhitaji mazungumzo na mwandishi, kwa maana huenda kosa limo katika hadithi yenyewe. Ama uso uliorudiwa mara ishirini, huo huhitaji juma zima la kukaa na daftari karibu na lango la shule, saa sita mchana, watoto wanapotoka.