Mgonjwa Nyumbani, Tabibu Mbali

Mnamo Novemba 2020, hospitali za Uingereza zilipokuwa zimeelemewa na wagonjwa wa korona, Huduma ya Taifa ya Afya ya nchi hiyo ilianza kuwapelekea majumbani, wale waliohofiwa kuzidiwa, kijichombo cha kubana kidoleni, ili wajipime wenyewe kiasi cha oksijeni katika damu mara tatu kwa siku, na matokeo yawafikie wauguzi kwa simu au kwa programu iliyomo simuni. Sababu yake ilikuwa nzito: maradhi hayo huweza kuipunguza oksijeni mwilini pasi na mgonjwa kuhisi dhiki ya pumzi, hata akaja kufikishwa hospitali yu mahututi.

Asili ya chombo hicho ni kazi ya mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, aliyeidhihirisha mwaka 1974. Hupenyeza kidoleni mianga miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, na kwa kuwa damu iliyobeba oksijeni hainyonyi mianga hiyo sawasawa na damu iliyoikosa, hutoa hesabu kwa asilimia. Mwenye kujipima hutulia kwanza dakika tano, huupasha moto mkono ulio baridi, huondoa rangi ya kucha, kisha huulaza mkono kifuani na kungoja mpaka tarakimu ituame. Ikisoma 95 au zaidi, hukaa nyumbani. Ikisoma 93 au 94, hupiga simu. Ikisoma 92 au chini yake, huenda hospitali upesi.

Hata hivyo, faida haimo katika kupima pekee. Katika utafiti wa shinikizo la damu uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, wagonjwa ambao madaktari wao walibadilisha dawa kwa kufuata vipimo vya nyumbani walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na shinikizo la chini kuliko waliotegemea vipimo vya zahanati. Maana yake, alikuwapo mtu wa kuvisoma na kutenda.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo jingine lisilostahili kupuuzwa. Disemba ya mwaka 2020 matabibu wa Michigan, Marekani, walitangaza kwamba, miongoni mwa wagonjwa ambao chombo cha kidoleni kiliwasomea 92 hadi 96, damu yenyewe ilipopimwa ilionekana kupungukiwa na oksijeni chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya vipimo vya weupe, kwani rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Wodini, kosa kama hilo yamkini likagunduliwa na muuguzi apitaye kitandani. Nyumbani jicho hilo halipo. Ndiyo maana naona ni dhuluma kumwachia mtu tarakimu peke yake. Apewe na namba ya simu itakayojibiwa usiku na mchana, na anayeijibu, hata akiambiwa 95, atazame kama hesabu inashuka siku baada ya siku, na aulize: unamaliza maneno yako bila ya kukatikiwa na pumzi? Jana uliweza kufika uani; leo je?