Rimoti ya kiyoyozi: Kitufe kimoja kinavyoweza kumrudisha mfanyabiashara mpakani

MFANYABIASHARA anayenunua kiyoyozi Kariakoo, Dar es Salaam, na kukiuza Bujumbura huanza kuhesabu hasara pale mteja anapompigia simu akidai mashine haitoi baridi. Kuirudisha ni nauli, siku zilizopotea na foleni nyingine mpakani Kabanga na Kobero. Wakati mwingine kumbe hakuna kilichoharibika. Rimoti imebonyezwa, na mashine imehamia kwenye kazi ambayo mteja hakuiomba.

Kitufe chenyewe huandikwa MODE. Kila kikibonyezwa, alama kwenye kioo cha rimoti hubadilika. Kwa kuwa karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi mara nyingi haina Kiswahili, anayezijua alama hizo anaweza kumsaidia mteja kwa simu tu.

Theluji, tone na feni

Alama ya theluji, COOL, ndiyo ya kupoza. Kompresa iliyo nje hufanya kazi hadi chumba kifikie nyuzi zilizowekwa, kisha hupumzika. Watu wengi hushusha hadi nyuzi 16 wakidhani chumba kitapoa haraka. Kwa mashine ya kompresa ya kawaida, isiyo ya inverter, kasi ya kupoza haibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba kompresa haipati nafasi ya kupumzika. Nyuzi 24 hadi 26 zinatosha kwa nyumba nyingi.

Tone la maji, DRY, ni la kupunguza unyevu. Feni huzunguka polepole na kompresa huwaka na kuzima kwa vipindi. Hali hii inafaa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wakati wa masika, Machi hadi Mei, ambapo joto si kali sana lakini shuka zinanata na nguo kabatini zinashika ukungu. Haifai Juba mwezi Februari, ambako hewa ni kavu na joto hupita nyuzi 35. Mteja wa huko akiiacha mashine kwenye tone, atasema ameuziwa kimeo.

Alama ya feni, FAN, husukuma hewa tu. Kompresa haiwaki kabisa, hivyo baridi haitoki hata ukisubiri hadi asubuhi. Hii ndiyo hali ya kwanza ya kuulizia mteja anapolalamika. Faida yake ni umeme: feni peke yake hutumia makumi ya wati, wakati mashine ya BTU 12,000 hutumia takribani wati 1,000 kompresa inapofanya kazi, yaani karibu uniti moja kwa saa. Anayenunua umeme kwa LUKU Tanzania, tokeni Kenya, Yaka Uganda au Cash Power Rwanda ataiona tofauti hiyo mapema.

Jua na hali ya kujiendesha

Alama ya jua, HEAT, ni ya kupasha joto. Nairobi mwezi Julai, au maeneo ya milimani Rwanda, kuna wateja wanaoihitaji. Hapa muuzaji awe makini, kwani mashine nyingi zinazoingia katika ukanda huu ni za kupoza tu, lakini rimoti yake inaweza kuwa na alama ya jua kwa sababu kiwanda hutengeneza rimoti moja kwa modeli kadhaa. Kabla ya kumwahidi mteja joto, soma kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine. Hata kwenye mashine inayopasha joto, feni ya ndani husubiri dakika chache mpaka mabomba yapate moto, ili isipulize hewa baridi. Hilo si tatizo.

AUTO huiachia mashine ichague yenyewe kulingana na joto la chumba. Ni rahisi, ila kwenye modeli nyingi nyuzi zimepangwa kiwandani, na mtu akijaribu kuzibadili hafanikiwi. Mteja anayetaka kuongoza matumizi yake ya umeme arudi kwenye theluji.

Alama ya mwezi, SLEEP, ni ya usiku. Mashine ikiwa inapoza, hupandisha nyuzi kidogo kidogo baada ya saa moja au mbili, kwa sababu mwili uliolala hauhitaji baridi ile ile ya jioni. Mwenye nyumba huamka bila kutetemeka na uniti hubaki.

Kabla ya kupakia mzigo

Simu ya malalamiko ikiingia, maswali matatu yatangulie: alama gani iko kwenye kioo, nyuzi ni ngapi, na je, amesubiri? Kompresa ikizimwa na kuwashwa tena huchelewa kwa takribani dakika tatu ili kujilinda, na mteja asiye na subira huizima tena kabla haijaanza. Rimoti ikiwa kwenye theluji, nyuzi ziko chini ya joto la chumba na robo saa imepita bila baridi, hapo ndipo fundi aitwe.

Muuzaji akitumia dakika tano kumwonyesha mteja alama hizi siku ya kukabidhi mzigo, au akimwandikia kwenye karatasi kwa Kiswahili, amejikinga na safari ya kurudi. Faida ya kiyoyozi kimoja haivumilii kuvuka mpaka mara mbili.